Connexions: kitabu kilichovunjwa vipande

Connexions ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, na Richard Baraniuk, profesa wa uhandisi wa umeme. Kilichomkera ni kitabu cha kiada chenyewe: ghali, kigumu kusahihishwa kikishachapwa, na chenye sura zinazofuatana kana kwamba mada zake hazihusiani. Badala ya kuandika kitabu kingine, aliamua kukivunja. Msingi wa kazi ukawa moduli, yaani maelezo mafupi ya dhana moja, ambayo mwalimu yeyote angeweza kuyachukua na kuyapanga pamoja na mengine katika mkusanyiko wa somo lake. Mfano huo ulitoka kwa waandishi wa programu huria kama Linux, ambao hujenga juu ya kazi ya wenzao bila kuanza upya.

Moduli hazikuhifadhiwa kama kurasa za kawaida za wavuti. Ziliandikwa kwa CNXML, lugha ya alama iliyojengwa juu ya XML, ambamo kila sehemu ya maandishi hutajwa kwa kazi yake: hii ni fasili, huu ni mfano, hili ni zoezi. Rangi na ukubwa wa herufi havikuwamo. Milinganyo ya hisabati nayo ilitumia MathML badala ya kubandikwa kama picha. Kwa sababu hiyo moduli za waandishi watatu wasiojuana ziliweza kuingia katika mkusanyiko mmoja na kutoka zikiwa na sura moja, iwe kwenye skrini au katika PDF ya kuchapa. Gharama yake iliwaangukia waandishi. Mwalimu aliyezoea Word alipewa kigeuzi cha faili zake, kisha akabaki na kazi ya kusafisha alama, na hapo ndipo wengi walipochoka.

Kila moduli ilipewa namba ya kudumu, na kila badiliko lilizalisha toleo jipya huku matoleo ya zamani yakibaki mahali pake. Huu ndio uamuzi wa kiufundi uliostahili sifa kuliko yote. Aliyetaka habari mpya alifuata toleo la mwisho. Aliyekwisha kutunga mtihani aliweza kushikilia toleo alilolifundisha. Aliyetaka kubadili kazi ya mwingine alitengeneza nakala yenye namba yake, iliyomtaja mwandishi wa kwanza. Leseni ya Creative Commons iliyotumika ilidai sharti hilo moja tu la kumtaja mwenye kazi, hata kwa matumizi ya biashara.

Ubora haukulindwa mlangoni. Yeyote aliweza kuchapisha, na uchujaji ulifanyika baadaye kupitia kile kilichoitwa lenzi: orodha ya moduli zilizoidhinishwa na chama cha kitaaluma au kupendekezwa na mtu binafsi. Njia hiyo iliheshimu waandishi, ila ilimwachia mwalimu mwenye haraka kazi ya kuchagua lenzi ya kuiamini.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa ukubwa wa kipande. David Wiley, mmoja wa waasisi wa fikra ya maudhui huria, alikwisha kuonya kwamba kipande kikiondolewa muktadha wake kinatumika mahali pengi lakini kinafundisha kidogo. Kikiachwa pamoja na muktadha wake kinafundisha vizuri lakini hakihamishiki. Moduli inayosema "kama tulivyoona katika sura iliyopita" huvunjika ikihamishwa, na ikiondolewa viungo vyote hivyo hubaki kama ingizo la kamusi. Nadharia ya muziki iliyoandikwa na Catherine Schmidt-Jones ilifanikiwa kwa sababu dhana zake, kama vile noti na skeli, zinasimama zenyewe. Uhandisi wa mawimbi hauna unafuu huo.

Mambo yalivyokwenda yanaonyesha walimu walichokitaka. Kitabu cha takwimu cha Barbara Illowsky na Susan Dean, wa Chuo cha De Anza huko California, kilipowekwa Connexions kilitumiwa kama kitabu kizima. Mwaka 2012 Rice ikaanzisha OpenStax kwa vitabu vya fizikia na sosholojia, vilivyopangwa kufuata mtiririko wa kawaida wa kozi za vyuo vya Marekani na kupitiwa na wahakiki kabla ya kutolewa. Chini yake moduli ziliendelea kuwapo; juu yake mwalimu aliona jalada, sura na mazoezi, na hakulazimika kupanga chochote.

Jukwaa la moduli lilifungwa mwaka 2022 na maudhui yake kuhifadhiwa katika Internet Archive. Vitabu vya OpenStax vimeendelea kupangwa upya kwingineko, hasa katika LibreTexts, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako walimu huchanganya sura za vitabu hivyo na maandishi yao wenyewe.