Kornetaiti: Buluu Inayosubiri Asidi Ipungue

Katika mgodi wa Étoile, kando ya Lubumbashi, malakaiti ya kijani ni tele. Kornetaiti ya buluu, iliyotambuliwa mara ya kwanza mgodini humo na kupewa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyechunguza miamba ya Katanga kati ya 1891 na 1893, ni adimu. Tatizo si shaba: yote mawili yana karibu asilimia 57 ya shaba kwa uzito. Siri imo katika maji yaliyoyatengeneza.

Maji ya mvua yenye oksijeni hupenya ardhini, yakazivunja salfaidi za shaba na kuondoka na shaba pamoja na asidi. Yakigusa dolomaiti, mwamba uliojaa Katanga, asidi hupoozwa, kaboneti huingia majini, na shaba huganda kuwa malakaiti. Kornetaiti, kwa upande wake, ni fosfeti ya shaba; kwa hiyo fosfeti lazima iikute shaba mahali kaboneti ilipo haba.

Hata hapo fosfeti ina njia tatu, yaani madini matatu ya fosfeti ya shaba, na hapa ndipo penye utamu. Kwa kila fosfeti moja, libethenaiti huchukua hidroksili moja, sudomalakaiti mbili, kornetaiti tatu. Kadiri hidroksili zinavyoongezeka, ndivyo maji yanavyotakiwa kuwa na asidi kidogo zaidi. Kornetaiti basi hudai asidi iwe imekwisha nguvu huku shaba ikiwa bado nyingi majini, na hali hiyo haidumu: kaboneti ikiongezeka tu, malakaiti huinyakua shaba.

Kwa macho, fuwele za kornetaiti za milimita chache hudhaniwa kuwa azuraiti. Tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa huamua: azuraiti hutoa mapovu, kornetaiti huyeyuka kimya. Lakini usidondoshe juu ya jiwe zima, maana chembe ya malakaiti iliyojificha pembeni itatoa povu na kukupotosha. Bandua punje moja ya buluu chini ya lenzi, uijaribu peke yake. Uthibitisho kamili hutolewa na eksirei. Mpangilio wa atomi za kornetaiti ulichapishwa mwaka 1964.

Huniuma kuona fuwele zikibanduliwa kwenye mwamba wake ili zipendeze. Tabaka ndizo ushahidi wenyewe. Buluu ikiwa imekaa juu ya sudomalakaiti ya kijani, asidi ilikuwa ikipungua. Kijani hicho kikiwa kimeifunika buluu, huenda maji yenye asidi kali yalirudi.