Mzamiaji Asiye na Mvuta Kamba

Adrienne Rich (1929–2012), mshairi wa Marekani, aliliweka shairi lake "Diving into the Wreck" katika diwani yenye jina hilohilo, iliyotoka mwaka 1973. Ni shairi huru, halifuati vina wala mizani, lakini lina nidhamu ya mtu anayejiandaa kwa safari ngumu: kisu, kamera, vazi la mpira, barakoa. Kisha mzamiaji anashuka ngazi peke yake, kwenda kuitazama merikebu iliyozama.

Upweke huo ndio utamu wa shairi, na ndio hatari yake. Wazamia lulu wa Ghuba, ambao miongoni mwao walikuwamo watumwa waliotoka Afrika Mashariki, walishuka na kamba, na juu chomboni alikuwapo mwenzao wa kuwavuta. Mzamiaji wa Rich hana wa kumvuta. Hewa inageuka kutoka buluu hadi kijani hadi weusi, fahamu zinataka kupotea, na huko chini anaweza kusahau kilichomleta. Wazamiaji wa mitungi wanaujua ulevi huo: kuanzia kina cha mita 30 hivi, naitrojeni hulewesha akili, na aliye peke yake hana wa kumzindua.

Kilindini, mzamiaji anakuwa mwanamke na mwanamume kwa pamoja. Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokwama. Kiingereza hutenga kiwakilishi cha kike na cha kiume, na kuubomoa ukuta huo kumehitaji safari nzima ya kushuka. Kiswahili kina "yeye" tu. Lakini jamii isemayo "yeye" nayo ina kuta zake. Tafsiri ya neno kwa neno itamfanya msomaji adhani hapakuwa na ukuta wa kubomolewa. Njia iliyo salama ni kuwategemea nguva, jike na dume, ambao shairi lenyewe linao, ili jinsia ionekane katika miili badala ya viwakilishi.

Shairi lina dosari moja. Mwishoni "mimi" inageuka "sisi" ghafla mno. Msomaji hakuoneshwa hao wengine waliposhuka. Jibu lilikuja nje ya shairi. Mwaka 1974, diwani hiyo ilipopata tuzo ya National Book Award, Rich alikataa kuipokea kwa nafsi yake. Aliipokea pamoja na Audre Lorde na Alice Walker, waliokuwa wakiiwania pia, kwa niaba ya wanawake wote. Ndani ya shairi pengo limebaki, na mfasiri asilizibe.