Kufika na Kufikishwa

Katika lugha yetu mna vitenzi viwili ambavyo msomaji mwepesi huweza kuvidhania kuwa ni kimoja: kufika na kufikishwa. Afikaye amekwenda kwa nguvu zake. Afikishwaye ana mtu, au watu, wa kuwashukuru. Silabi zinazovitenga ni chache, lakini baina yao mna adabu nzima ya msafiri. Nimekusudia katika makala haya kuvitumia vitenzi hivyo kama mizani, na kitu nitakachokipima ni hadithi zinazosimuliwa juu ya mashindano ya motokaa ya masafa marefu, hasa yale ambayo motokaa zenyewe ni kuukuu na adimu, nazo huendeshwa maelfu ya kilomita katika barabara za Kenya na Tanzania.

Yamkini msomaji atauliza, mhakiki wa fasihi ana shughuli gani na motokaa? Jibu langu ni kwamba mashindano yakiisha hayabaki barabarani. Vumbi hutua, matope hukauka, motokaa huoshwa, na vikombe huwekwa kabatini. Kibakicho ni masimulizi, na masimulizi ni shamba letu. Tena mashindano haya yametuazima neno. Yalipoanza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliitwa Safari. Na jina hilo limeyafuata hata leo. Aliyetuazima neno hawezi kukasirika tukimwuliza amelitumiaje.

Mizani yangu sikuipata chuoni. Niliipata Kaoze, bondeni Rukwa, chini ya ukingo ule mrefu ambao wenyeji huuita Lyamba lya Mfipa. Kutoka bondeni hadi Sumbawanga ni safari ya kupanda kutoka joto la ziwa hadi baridi ya uwanda wa juu, na wakati wa masika udongo wa mbuga hushika gurudumu kama mkono wa mdai. Siku moja ya mvua Land Rover moja, yenye umri kumshinda dereva wake, iliondoka kijijini ikiwa na magunia ya mpunga, samaki wakavu, na mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Haikwenda mbali. Ilizama hadi ekseli. Wanaume wakavua viatu, wanawake wakapokea mizigo, vijana wakakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, utingo akalala matopeni na jeki yake. Wakasukuma hapo, wakasukuma mbele ya hapo, na jioni wakarudi makwao wakiwa rangi moja na njia. Yule mama alifika hospitali akajifungua salama.

Baada ya siku chache dereva alirudi, akakaa barazani akasimulia. Alisema: "Nilitoka hapa kwa saa saba, na mvua ile!" Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akamwambia kwa upole: "Mwanangu, sema ulitolewa." Watu walicheka, na dereva naye akacheka, lakini akaianza hadithi upya, na safari hii aliwataja waliosukuma mmoja mmoja. Ilikuwa hadithi ndefu kuliko ile ya kwanza. Ilikuwa pia nzuri zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa na watu.

Na tuichukue mizani hiyo kwenye vitabu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Ujerumani mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, ulioandikwa na watu wa pwani yetu wenyewe. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Asomaye masimulizi ya mkusanyiko ule atakuta wapagazi, hongo, njaa, majumbe, bei za vitu na tabia za wenyeji. Siwezi kusema kwamba kila mpagazi ametajwa kwa jina. Hilo halikufanyika, nasi tusiwasifu wazee wetu kwa kazi wasiyoifanya. Lakini msafiri wa kurasa zile hajifanyi kuwa alikuwa peke yake. Anajua kwamba mbele yake kuna mwenye nchi wa kuombwa njia na nyuma yake kuna mzigo ulio kichwani mwa mtu. Hata pale sarufi yake inaposema "tulifika", ile "tu" si ya fahari; ni ya hesabu.

Miaka michache baadaye alikuja msafiri wa namna nyingine. Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa tarehe 10 Agosti 1907. Alipita Tabora, akafika pande za Ziwa Tanganyika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, akazidi kushuka kusini, na tarehe 1 Mei 1909 akawasili Swakopmund katika pwani ya Atlantiki. Siku 630! Sina nia ya kupunguza ushujaa wake. Asiyekiri ugumu wa jambo hilo hajapata kuona mto usio na daraja. Lakini motokaa ile ilikatizaje nchi isiyo na barabara? Ilivutwa kwa kamba na mikono ya watu, na katika mchanga wa Kalahari ikavutwa na ng'ombe. Kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1910 kina jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Kwa Motokaa Kukatiza Afrika. Tulitazame jina hilo kama tutazamavyo ubeti. Motokaa imo. Afrika imo. Watu hawamo. Ni jina la kufika, lililobandikwa juu ya safari ya kufikishwa.

Naona kwamba masimulizi mengi ya Safari yamerithi jina lile. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikarudi 7 tu. Mwaka 1968 zikarudi tena 7, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Habari ya wale saba imesimuliwa kwa lugha nyingi hata imekuwa kama ngano. Nami naipenda. Lakini mashindano yale yalifanywa wakati wa Pasaka, katika masika, kwenye njia za watu wote, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa ni adhabu. Picha za zama zile zinaonyesha jambo ambalo ngano hulipitia mbio: motokaa imezama, na nyuma yake wanakijiji wameinama, mabega yao yakiwa kwenye buti. Msimulizi hutuambia gia gani ilitumika na mvua ilinyesha saa ngapi. Juu ya mabega yale husema neno moja tu, "watazamaji". Hapo ndipo uhakiki hauna budi kuingia, maana neno hilo ni la uongo. Mtu aliyezama matope hadi magotini hatazami.

Nisiwatwike wageni lawama yote. Magazeti yetu na redio zetu, miaka yote, zimetupa orodha ya nafasi na saa, kana kwamba mashindano ni hesabu ya duka. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tulipoyataka masimulizi yenye harufu ya njia, tuliyangoja kwa lugha za watu wengine.

Hata hivyo zimo hadithi ambazo zinaushinda ubaya huo, nazo zastahili sifa. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, Volvo yao haikuwa mpya. Ilikwisha kuingia mashindano ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliijua motokaa kwa vidole kabla ya kuijua kwa mbio. Ndiyo maana kisa chake kikisimuliwa vizuri huanzia chini ya motokaa, penye spana na grisi, nasi twaona kwamba chuma kilifikishwa na mkono.

Kisha mwaka 2003, ulipotimia mwaka wa 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya motokaa za zamani peke yake: Datsun 240Z, Ford Escort, Porsche 911 na jamaa zao. Wengi waliyadharau kuwa ni mchezo wa matajiri wanaokwenda kuitafuta shida kwa fedha, hali sisi twaipata bure. Shutuma hiyo ina ukweli, wala siifichi. Mtu wa Kaoze aliyekwama njiani na mgonjwa hakujiandikisha popote ili akwame. Baina ya shida iliyochaguliwa na shida iliyotushukia pana tofauti ambayo msimulizi mwaminifu hana ruhusa ya kuifuta.

Lakini kwa mhakiki motokaa kuukuu ina fadhila moja ambayo mpya haina: haiwezi kusema uongo wa kufika. Umri wake wenyewe ni ushahidi wa watu. Ili chuma cha miaka 40 au 50 kiondoke penye mstari wa kuanzia, lazima pawe na aliyekitunza, aliyekichongea kipuli kisichouzwa tena, na atakayekifuata njiani na springi ya akiba. Mwaka 2011 mashindano hayo yalishindwa na Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911. Alikuwa amekwisha kushinda Safari mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, na sasa alikuwa akikaribia miaka 70. Aliyeketi kando yake akimsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Mzee anashika usukani, kijana anamwambia kona iliyo mbele. Mwandishi gani angetaka kisa kizuri kuliko hicho? Na kitenzi chake ni kipi, kama si kufikishwa?

Litaletwa pingamizi kwamba hadithi haina budi kuwa na shujaa mmoja, na kwamba usukani haushikwi na kijiji. Nakubali. Dereva ndiye aliyekesha, na gari likianguka korongoni shingo iliyo hatarini ni yake na ya mwenzake. Simtaki msimulizi amwondoe shujaa. Nataka amwekee uwanja. Shujaa aliyesimama peke yake katika ukurasa mtupu hana kimo, kwa sababu hapana wa kumpimia. Yule dereva wetu wa barazani hakupungua alipowataja wasukumaji. Tulimwona mkubwa zaidi, maana tulijua sasa uzito wa kitu alichokiendesha.

Ufipa imelijua jambo hili tangu kabla ya motokaa. Wafua chuma wa huku walijenga kwa udongo tanuri refu liitwalo ilungu, lililopita kimo cha mtu, likivuta hewa lenyewe pasipo mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo kabla ya kufuliwa jembe. Magofu ya malungu yale yangali yamesimama uwandani. Mawe yalichimbwa na hawa, mkaa ukachomwa na wale, na jembe likaingia shambani mikononi mwa wengine. Chuma huku hakikupata kuwa kazi ya mtu mmoja, na sioni kwa nini kiwe hivyo kwa kuwa tu kimefungwa magurudumu.

Leo barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni ya lami, na vijana huipita bila kujua kwamba baba zao waliilala njiani. Wale waliosukuma wanazeeka, na wengine tumekwisha kuwazika. Kwa hiyo nawaomba waandishi wetu wasiingoje Safari ipite mlangoni pao ndipo washike kalamu. Waende vijijini, bondeni na uwandani, wawaulize wazee: ni motokaa gani iliyokwama hapa, mwaka gani, ilikuwa imebeba nini, na nani walioitoa? Waandike majina. Na watakapofika mwisho wa kitabu, kabla ya kuweka nukta, wakitazame kitenzi chao mara moja tena.