Jamani, Koili Inazunguka Kweli!

Acha ulichoshika, njoo hapa! Nimetoka kuichezea Manim sasa hivi, vidole bado vinawasha, na kama unafundisha fizikia, umeme au hesabu, lazima, lazima kabisa uionje! Ndiyo programu ya michoro inayosogea aliyoianza Mmarekani Grant Sanderson mwaka 2015 kwa ajili ya video za chaneli yake ya 3Blue1Brown, zile za hesabu zinazomsahaulisha mtu chai yake mezani. Tangu 2020 kuna toleo linalotunzwa na watumiaji wenyewe, na ni bure. Bure, rafiki yangu!

Wala huchori kwa kipanya, unaandika! Mistari michache ya lugha ya kompyuta ya Python: huu mraba, hili duara, geuza. Unasubiri, moyo unadunda, halafu pembe za mraba zinalainika, zinavimba, zinakuwa duara; polepole mwanzoni, kasi katikati, kisha linatua taratibu, laini mno kama samli ya moto! Nikarudia, nikarudia tena, na bado!

Basi nikataka jenereta. Unaijua ile ya ubaoni: koili, ncha mbili za sumaku, vishale, na wanafunzi wanaamini tu kwa kuwa mwalimu kasema. Hapa koili inazunguka kweli, nyekundu kali juu ya weusi mzito, na pembeni kinukta kinapanda na kushuka nayo, kikiacha wimbi la manjano, refu, jembamba, zuri ajabu! Pande za koili zikikata mistari ya sumaku kwa pembe mraba, volteji iko kileleni. Zikienda sambamba nayo, sifuri. Unaiona inatokea!

Nikaongeza kasi ya koili maradufu. Mawimbi yakabanana, sawa, lakini lo! yakarefuka kwenda juu pia, maradufu vilevile! Hilo limo ndani ya kanuni, nalifundisha kila mwaka, ila kuiona volteji ikipaa vile mbele ya macho... niliinuka kitini!

Na milinganyo je? Herufi zinahama zenyewe, zinavuka alama ya sawasawa, zinajipanga upande wa pili, hakuna haja ya kufuta ubao! Video ikitoka unaipachika kwenye slaidi, basi, darasa limekwisha kukodoa macho.

Kuisakinisha kunataka subira kidogo, vumilia, vumilia tu! Mimi narudi kwenye Manim, injini ya mipigo minne inaniita: pistoni ishuke, vali ifunguke, cheche ilipuke, moshi utoke, na bado!