Spika ya Kinanda Jukwaani: Kwa Nini Amplifaya ya Gitaa Haitoshi

Amplifaya ya gitaa la umeme ni sehemu ya gitaa lenyewe, kwa sababu mlio unaotoka kwenye nyuzi huwa mkavu na mwembamba, na ule ukali ambao wasikilizaji huutambua kuwa ndio sauti ya gitaa huzaliwa baadaye, ndani ya amplifaya na katika karatasi ya spika yake. Sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa saketi za elektroniki, imejengwa kinyume chake: sauti hukamilika ndani ya mashine, na chochote kinachoongezwa na amplifaya baada ya hapo ni doa. Kutoijua tofauti hiyo ndiko kunakomfanya mpiga kinanda, katika bendi nyingi za kumbi na kwaya nyingi za makanisa, apewe amplifaya iliyobaki baada ya wapiga magitaa kuchukua zao.

Noti ya chini kabisa ya kinanda chenye vibonyezo 88 hutetemeka mara 27.5 kwa sekunde, yaani hezi 27.5, ilhali uzi mnene wa gitaa la kawaida huanzia hezi 82 hivi. Upande wa juu, noti ya mwisho ya kinanda hicho ni hezi 4,186, lakini kila noti hubeba juu yake haramoni, yaani mitetemo midogo ya kasi zaidi ambayo ndiyo humwezesha msikilizaji kutofautisha fidla na filimbi zinapopiga noti moja. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kunyamaza baada ya hezi 5,000 hivi, jambo linalolifaa gitaa kwa kuwa huondoa mikwaruzo, lakini linalozinyima kengele na matoazi ya sintesaiza ncha zake, hata yakasikika kana kwamba yamefunikwa blanketi. Ndiyo maana kinanda huhitaji boksi lenye wufa, spika kubwa ya besi, pamoja na twita ya sauti nyembamba, na kati yake krosova, saketi inayoigawa sauti ili kila spika ipate sehemu inayoimudu.

Historia ina kisa kimoja kinachoonekana kuipinga kanuni hiyo kwamba spika ya kinanda isiongeze kitu. Kinanda cha Hammond kilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, Don Leslie hakuridhika na jinsi sauti yake ilivyotulia mahali pamoja, akatengeneza boksi ambalo krosova yake hugawa sauti kwenye hezi 800, ya juu ikatoka kwenye honi inayozunguka na ya chini ikapita katika pipa linalozunguka chini yake, kiasi kwamba sauti humkaribia na kumkimbia msikilizaji bila kukoma. Laurens Hammond mwenyewe, mbunifu wa kinanda hicho, hakulipenda boksi hilo, lakini wapigaji walilipenda, na hapo spika ikawa sehemu ya ala kama ilivyo kwa gitaa. Sintesaiza za leo, hata hivyo, huuiga mzunguko huo ndani ya mashine, na kwa hiyo hata sauti ya Hammond sasa hudai spika isiyoongeza kitu. Amplifaya ya Roland JC-120 ya mwaka 1975, yenye spika mbili za inchi 12 na wati 60 kwa kila upande, iliazimwa na wapiga vinanda wengi kwa sababu ya usafi wake, ingawa ilibaki amplifaya ya gitaa isiyo na twita.

Katika taarab ya kisasa mzigo ni mkubwa zaidi, kwani kinanda kimoja hubeba kazi za fidla, kodiani na kanuni, na mara nyingi za ngoma pia. Hapo ndipo hesabu ya nguvu inapohitajika, na ndipo wanunuzi wengi hudanganyika kwa wati. Spika yenye wepesi wa desibeli 95, yaani inayotoa desibeli 95 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, itafikia desibeli 115 ikipewa wati 100. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo aliye mita 8 atapata desibeli 97. Kupanda kutoka wati 100 hadi 200 huongeza desibeli 3 tu, wakati spika nyingine ya wati zilezile, iliyo na wepesi wa desibeli 98, hutoa ongezeko hilohilo bila umeme wa ziada. Tarakimu ya wepesi, ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, ina thamani kuliko wati za kilele zinazotangazwa mbele yake. Kwa bei ileile, spika ya ukumbi yenye amplifaya ndani yake mara nyingi huishinda amplifaya iliyouzwa kwa jina la kinanda.

Mtego mwingine uko kwenye stereo. Sauti nyingi za piano za sintesaiza zimerekodiwa kwa maikrofoni mbili, na mawimbi ya kushoto na kulia yakiunganishwa ili yatoke kwenye spika moja, baadhi hufutana, na piano husikika kama imetobolewa katikati. Mwenye spika moja ni heri achague sauti ya mono, au atumie upande mmoja tu.

Sauti ikitoka kwenye kinanda kwenda kwenye mikisa ya ukumbi, hupitishwa katika kisanduku cha DI, ambacho huigeuza ishara ya waya wa kawaida, unaokusanya kelele unapokuwa mrefu, iwe ishara ya nyaya mbili zinazopingana, ili kelele iliyozivamia zote mbili ijifute mwishoni. Kisanduku chenye transfoma hukata pia ule muungurumo wa hezi 50 unaotokea kinanda na mikisa vinapopata athi kwa njia mbili. Wapo wanaouondoa muungurumo huo kwa kukata pini ya athi kwenye plagi; muungurumo huisha kweli, lakini hitilafu ikitokea, umeme hauna tena pa kupita ila mikononi mwa mpigaji.