Mabomba ya Vumbi Katika Nyumba Ndogo: Namna ya Kuipambanua Kazi Njema

Aghalabu mtu aingiapo dukani kutaka mtambo wa kufyonza vumbi wa nyumba nzima, ule ambao mashine yake hukaa mahali pamoja na kuvuta uchafu wa kila chumba kwa mabomba yaliyositiriwa ndani ya viambaza, macho yake huenda moja kwa moja kwenye mashine; huuliza nguvu zake, ukubwa wa pipa lake na bei yake, kisha akadhani ya kuwa amekwisha kuchagua. Walakini mashine ndiyo sehemu iliyo rahisi kubadilishwa, kwa kuwa ikichakaa hufunguliwa, na nyingine ikatungikwa mahali pake siku ile ile, ilhali mabomba hayabadilishwi pasipo kubomoa ukuta. Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kujua kama kazi hii ni njema au ni mbovu hana budi kuitazama kwanza njia ya hewa, tena aitazame kabla haijafunikwa.

Sanaa yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1902 David T. Kenney, fundi wa mabomba wa Marekani, aliweka mtambo wa namna hii katika jengo la Frick mjini Pittsburgh, ukiendeshwa kwa nguvu za mvuke, na uzito wake ulikuwa kadiri ya ratili 4,000. Zama zile starehe hiyo ilikuwa ya majumba makubwa; bomba jepesi la plastiki ndilo lililoishusha baadaye hata katika nyumba ndogo za mbao za Kanada na Marekani, ambamo baadhi ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki nao wamefanya maskani, na nyumba hizo ndizo ninazozikusudia katika mwongozo huu.

Fundi stadi huanza kazi kwa kupima, na kipimo chake cha kwanza ni mpira wa kufagilia, ambao kwa desturi huwa na urefu wa futi 30. Hukata kamba ya urefu huo, akaishika mahali anapofikiri kuweka tundu la ukutani, akaipitisha mlangoni, akaizungusha kando ya kitanda na kabati, hata akahakikisha ya kuwa imefika katika kila pembe. Nyumba ya futi mraba 1,000 huweza kutoshelezwa na matundu mawili yaliyowekwa kwa busara, hasa katika ujia wa katikati. Na fundi anayependekeza matano katika nyumba kama hiyo anaongeza viungo, na kila kiungo ni mahali ambapo hewa yaweza kuvuja. Mashine nayo huwekwa mbali na vyumba vya kulala, katika banda la gari au chumba cha chini ya ardhi, mahali pakavu pasipo joto la tanuri, na hewa yake itolewe nje ya nyumba kwa njia fupi; kuitoa darini au ndani ya ukuta ni kulirudisha vumbi jembamba kwa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mikunjo, ambayo ndiyo mizani ya ustadi. Bomba la kazi hii lina kipenyo cha inchi 2, na elbo zake ni za namna mbili: zenye mkunjo mpana na zenye mkunjo mkali. Kazi njema hutumia zile pana kila mahali, isipokuwa nyuma ya tundu la ukutani, ambapo elbo moja kali huwekwa kwa makusudi. Hikima yake ni kwamba penseli au kijiti kilichofyonzwa kwa bahati mbaya, kikishindwa kupita, hukwama hapo kinapofikiwa na mkono. Na kile kilichopita mkunjo mkali hakitashindwa na mikunjo mipana iliyo mbele. Basi ukiona elbo kali katikati ya safari, ndani kabisa ya ukuta, jua kwamba fundi huyo amejali wepesi wa kuunganisha kuliko miaka ya kutumia.

Tazama pia matawi. Penye njia tatu, mkunjo wa kiungo lazima uelekee upande wa mashine, ili hewa iingie bila kugongana na ukuta wa bomba. Na bomba kuu likiwa limelala, tawi litokee juu au ubavuni. Tawi lililotokea chini hugeuka shimo la takataka, maana uchafu upitao katika bomba kuu huangukia humo wakati tundu lake halitumiki.

Kisha uombe kuonyeshwa ncha ya bomba kabla haijaunganishwa. Iwe imekatwa mraba, na ukingo wake wa ndani uwe umesuguliwa hata kidole kisihisi chembe yo yote. Gundi hupakwa nje ya bomba peke yake, kamwe haipakwi ndani ya elbo, kwa sababu ile ya ndani husukumwa mbele na ncha ya bomba, ikaganda na kufanya ukingo mkavu wa kunasa nywele na nyuzi za zulia, na mrundikano wa siku nyingi hatimaye huziba njia. Mafundi wenye subira huunganisha mabomba yote makavu kwanza, wakaridhika na mpangilio, ndipo wakafungua gundi.

Ukuta nao una haki yake. Nguzo ya mbao ya kawaida katika nyumba hizo ina upana wa inchi 3.5, hivyo bomba lipitapo katikati hubakiwa na robo tatu za inchi kila upande, na skrubu ya kufungia bodi za jipsamu, au msumari wa kutundikia picha, huweza kulifikia. Kwa hiyo kila linapotoboa ubao pasikosekane kibati cha chuma cha kulikinga. Boriti za sakafu zitobolewe kwa hadhari zaidi: tundu lisizidi theluthi ya kimo cha boriti, wala lisikaribie kingo zake za juu na chini kwa chini ya inchi 2. Waya mdogo wa volti 24, uwashao mashine kutoka kwenye tundu, ufungwe sambamba na bomba, pasipo kulegea.

Ithibati ya yote hayo hupatikana kwa jaribio moja, ambalo mwenye nyumba asikubali kunyimwa. Gundi ikisha kukauka, na bodi hazijapigiliwa, matundu yote yazibwe na mashine iwashwe; kisha fundi apite kiungo baada ya kiungo akisikiliza, huku ameshika unyuzi wa pamba, na utakapoinama kuelekea bomba ndipo penye uvujaji. Kipimo cha mvuto kikiwekwa kwenye tundu la mbali na lile la karibu, huku mengine yamezibwa, tarakimu zikaribiane. Zikitofautiana sana, pana kasoro ndani ya ukuta.

Ama unaponunua mashine, usiridhike na sifa ya ampea, maana hizo zaeleza umeme unaoliwa, hazielezi kazi inayofanywa. Uliza mambo mawili pamoja: nguvu ya mvuto na wingi wa hewa ipitayo. Mabomba ya nyumba ndogo ni mafupi, na njia fupi iliyofanywa kwa uaminifu hutosheka na mashine ya wastani.

Nakusihi basi, msomaji, usimharakishe fundi, wala usimruhusu afunike kazi usiyoiona. Fedha uliyokusudia kuongezea ukubwa wa mota, mlipe yeye kwa siku ya ziada ya kusugua ncha na kujaribu viungo, kwani hiyo ndiyo itakayodumu kadiri ya maisha ya ukuta.