Chakula cha Amy Dorrit

Dzaleka, nchini Malawi, ilikuwa jela kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi. Serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia humo wapinzani wake. Mwaka 1994 wakimbizi wakaanza kupokewa. Leo pana watu zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na wapo vijana waliozaliwa papa hapa. Lilongwe iko kilomita 40 hivi tu, lakini mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakichuuza mijini warudi kambini. Ukiisoma *Little Dorrit* ya Charles Dickens mahali kama hapa, unaona habari za jirani.

Amy Dorrit alizaliwa jela, Marshalsea ya London, baba yake akiwa mfungwa wa deni. Mchana hutoka kwenda kushona. Jioni hurudi kabla lango halijafungwa. Dickens hakuibuni jela ile. Baba yake mwenyewe alifungwa humo mwaka 1824, naye, mtoto wa miaka 12, alikuwa kiwandani akibandika karatasi kwenye vyombo vya dawa ya viatu. Siri hiyo ilikuja kutangaa baada ya kifo chake mwaka 1870.

Lakini machungu peke yake hayaumbi mhusika. Dickens aliamini kuwa dini ni huruma. Aliwaandikia wanawe maisha ya Yesu kwa maneno mepesi, akakataza yasichapishwe; yalichapishwa mwaka 1934. Imani hiyo aliiingizaje riwayani?

Fundi duni angemfanya Amy ahubiri. Dickens alimpa sahani. Amy anashona nyumbani kwa Bi Clennam, bibi aisomaye Biblia kama daftari la madeni. Akipewa chakula, hali. Hukificha akampelekee baba yake. Imani yote ya mwandishi imo katika tonge lile lisiloliwa, wala hakuna aliyeitaja.

Na huyo baba, baada ya kupata utajiri na uhuru, anasimama katika karamu ya wakubwa huko Roma na kuwakaribisha wageni jela. Mtu ametoka gerezani, gereza halijamtoka.

Shaaban Robert alipita njia nyingine. Katika *Kusadikika*, ya mwaka 1951, imani yake juu ya haki inasemwa waziwazi na Karama, mbele ya mfalme, akishtakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Haikumharibia kazi, kwa kuwa mshtakiwa anayeitetea roho yake hana budi kusema. Maneno yake ndiyo matendo yake.

Kwa hiyo, kijana unayeandika hadithi Dzaleka, usihangaike kuificha imani yako wala kuitangaza. Mpe mhusika wako njaa na sahani moja, kisha utazame atamgawia nani.